Kivunja Mji: Mtunga Shanga katika Historia ya Biashara ya Afrika Mashariki

Kwa Kiswahili mtu hutunga shairi, na mtu hutunga ushanga. Kitenzi ni kimoja. Asumini hutungwa koja, samaki hutungwa kwenye ukambaa, na beti hutungwa mpaka zikawa utenzi. Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, alipoanza Al-Inkishafi, alijieleza kuwa mtu anayeketi kutunga koja la lulu. Naye alikuwa akifuata desturi ya Kiarabu, ambamo neno lililotupa nudhumu lilihusu pia kupanga lulu katika uzi. Kwa hiyo undugu wa ushairi na shanga si tamathali ya kubahatisha. Umo ndani ya lugha yenyewe, na kila anayesema kwamba fulani ni mtunzi anautaja bila kujua.

Hata hivyo ndugu hawa wawili hawakupata urithi sawa. Mtunga shairi alihifadhiwa kwa jina, kwa nasaba, wakati mwingine kwa kaburi linalojulikana. Mtunga shanga, ambaye mara nyingi alikuwa mwanamke, hakuachiwa jina. Aliyeandika habari za shanga alikuwa mwenye ghala au mwenye msafara, na alizihesabu kwa magunia. Lakini hesabu hizo zikisomwa polepole, anaonekana mtu ambaye mwandishi hakukusudia kumwonyesha: mwanamke wa bara aliyekaa na uzi wake, aliyejua rangi anayoitaka, na ambaye furaha yake katika kuchagua ilikuwa na nguvu ya kumfilisi tajiri wa pwani.

Ukale wa kazi hii hauhitaji maneno mengi. Katika pango la Panga ya Saidi, Kaunti ya Kilifi, wanaakiolojia walipata chembe iliyotengenezwa kwa kombe la konokono wa bahari wa umbo la pia, yenye umri wa karibu miaka 65,000. Shanga za maganda ya mayai ya mbuni zinafuatia, na utafiti uliochapishwa na Jennifer Miller na Yiming Wang katika jarida la Nature umeonyesha kwamba kati ya miaka 50,000 na 33,000 iliyopita watu wa mashariki na wa kusini mwa Afrika walikuwa wakizichonga kwa namna ileile. Vioo vilikuja baadaye sana, kwa bahari. Mwandishi wa Periplus, mwongozo wa Kigiriki wa mabaharia wa karne ya kwanza, anavitaja miongoni mwa bidhaa zilizopelekwa Rhapta. Tangu hapo bandari za Waswahili zilipokea shanga za kioo kutoka Bara Hindi na kwingineko, na wachimbaji wa Unguja Ukuu, Shanga na Kilwa wamezikuta ardhini kwa wingi.

Karne ya kumi na tisa ndiyo inayotuachia maneno. Richard Burton alisafiri na John Speke kutoka pwani hadi Ziwa Tanganyika kati ya 1857 na 1859, na katika kitabu alichochapisha 1860 aliambatisha orodha ndefu ya bidhaa za msafara. Alikadiria kuwa kulikuwa na aina zipatazo 400 za shanga, baadhi zikiwa na majina matatu au manne. Majina hayo yanastahili kusomwa kama fasihi simulizi. Mzizima ilikuwa ya buluu. Gulabi ilikuwa ya waridi. Bubu ilikuwa nyeusi. Iliyopendwa kuliko zote ilikuwa nyekundu kama marijani, yenye moyo mweupe, na watu hawakutosheka kuiita samisami. Waliiita joho, kwa rangi ya kitambaa cha thamani. Waliiita kimara-pamba, yaani kimaliza chakula, kwa kuwa mtu angetoa hata mlo wake aipate. Tena waliiita kivunja mji.

Burton anaeleza jina hilo la mwisho kwa kifupi: wanawake walirukwa na akili kwa ajili yake. Akaendelea na bei. Hapo msomaji wa leo ana haki ya kusimama mahali ambapo Burton hakusimama. Nani alitunga jina hilo? Orodha haisemi. Inawezekana ni mume aliyechoka, inawezekana ni mchuuzi mwenye mzaha, na hakuna linalozuia kwamba ni wanawake wenyewe, kwa kujigamba. Vyovyote iwavyo, jina linakiri jambo ambalo vitabu vya biashara vilikwepa kulikiri. Chembe isiyofikia ukubwa wa punje ya mtama ilihesabiwa kuwa na nguvu za jeshi, na nguvu hizo zilitoka katika jicho la mwenye kuitunga.

Henry Morton Stanley alilipia somo hili mapema. Alipokuwa Unguja mwanzoni mwa 1871 akijiandaa kumtafuta Livingstone, alidhani shanga ni shanga. Wafanyabiashara Waarabu walimsahihisha. Shanga nyeusi, aliandika baadaye, zilipokelewa Ugogo na hazikuwa na thamani yoyote kwa makabila mengine. Sungomaji, kubwa kama mayai madogo, zilifaa Ujiji na kukataliwa kwingine. Nyeupe, zilizoitwa merikani, zilipendwa Ufipa na zingedharauliwa Ukonongo. Ilimbidi akadirie atakaa siku ngapi katika kila nchi ili asipungukiwe na rangi ya huko wala asibakiwe na mzigo usio na mnunuzi, kwani alikuwa amesikia kwamba Burton na Speke walilazimika kutupa mamia ya mafundo. Fundo, kwa kipimo cha wakati ule, lilikuwa kete kumi, na kila kete ilikuwa uzi uliopimwa kwa mkono wa mtu. Mamia ya mafundo yaliyotupwa porini ni hukumu ya wateja. Wanunuzi wa kijijini waliziangalia bidhaa zilizovuka bahari mbili, zikabebwa kwa miezi kwenye mabega ya wapagazi, wakasema hawazitaki.

Wasafiri waliita tabia hiyo ukaidi, au utoto, au mitindo ya kipumbavu inayobadilika bila sababu. Ni neno la mtu aliyepata hasara. Mwanahistoria Jeremy Prestholdt amelipindua vizuri: ameonyesha kwamba matakwa ya watumiaji wa Afrika Mashariki yaliongoza uzalishaji wa viwanda vya mbali, vya nguo za pamba huko Salem, Marekani, na vya Bombay, na kwamba aliyeshindwa kuyafuata alishindwa biashara. Karin Pallaver naye amefuatilia shanga zilivyotumika kama fedha katika karne hiyo. Kazi zote mbili zina uzito. Ila neno mtumiaji linabana kidogo mahali hapa. Mtu aliyenunua kitambaa cha merikani alikuwa na kitu cha kuvaa siku ileile. Aliyenunua kete ya samisami alikuwa na malighafi tu. Kazi ilikuwa bado mbele yake. Alipokataa rangi, alikataa kama fundi anavyokataa ubao wenye mafundo.

Tofauti hiyo inaonekana wazi sokoni Ujiji. Verney Lovett Cameron, aliyefika huko 1874, aliona watu wenye mifuko ya sofi wakizigawa kwa wauzaji na wanunuzi soko lilipofunguliwa, kisha wakizipokea tena lilipofungwa, wakipata faida mwanzo na mwisho kama wavunja fedha wa kokote. Sofi ilifanana na kipande cha mti wa kiko kilichovunjika. Haikuwa na uzuri wa kumvunjia mtu mji. Yaelekea ndiyo sababu ilifaa kuwa sarafu: ushanga unaopendwa hauzunguki sana, kwani kila anayeupata huushona mahali na kuuondoa sokoni.

Na kutunga kulikuwa na sheria zake, ambazo msafara ulilazimika kuzitii. Joseph Thomson alipofika Taveta mwaka 1883, akielekea Umasaini, aligundua kwamba shanga zake zilikuwa zimefungwa kwa urefu usiokubalika mbele. Wamasai walitaka nyuzi za kipimo chao. Msafara ukakaa. Wapagazi waliozoea mizigo na bunduki wakaketi chini ya miti ya Taveta wakifungua mafungu na kuzitunga upya shanga zote, makumi ya maelfu ya nyuzi, kabla ya mtu kuthubutu kuvuka mpaka. Thomson alilieleza jambo hili kama usumbufu wa maandalizi. Lakini ni picha ya kupendeza: kambi nzima ya wanaume wenye silaha, wengi wao watu wa pwani, imegeuzwa darasa la kutunga kwa amri ya wateja ambao bado hawajaonekana.

Nyuzi walizokuwa wakizifungua zilikuwa zimeshapita mikononi mwa wanawake wengine. Shanga ndogo nyingi za wakati ule zilitoka Venice. Vioo vilivutwa na kukatwa Murano. Kisha wanawake wa mitaa ya maskini, wakiitwa impiraresse, walizitia nyuzini nyumbani au mlangoni, wakichovya fungu la sindano ndefu katika sinia la mbao lililojaa chembe. John Singer Sargent aliwachora miaka ya mwanzo ya 1880, katika ushoroba wenye giza, na picha hiyo iko Dublin. Ujira wao ulikuwa duni, na mwaka 1904 waligoma. Kwa hiyo ushanga mmoja ungeweza kutungwa Venice kwa ajili ya mkate, kutunguliwa na kutungwa upya Taveta kwa ajili ya kupita salama, na kutungwa mara ya tatu katika manyatta ya Umasaini kwa ajili ya kupendeza. Ni mara ya tatu tu ambapo mwenye sindano alikuwa huru kuamua rangi ipi ifuate ipi.

Huru, kwa kiasi. Historia hii haikubali kusimuliwa kwa furaha tupu. Shanga zilinunua chakula cha msafara, zikalipa hongo kwa watemi wa Ugogo, na zilinunua pembe za ndovu; katika nchi nyingi zilinunua watu pia. Kete iliyompendeza mwanamke mmoja ingeweza kuwa bei ya mwingine. Wapagazi waliozibeba walikufa njiani kwa ndui, njaa na uchovu. Anayeandika juu ya raha ya kutunga shanga bila kuyataja haya anaandika tangazo la biashara. Lakini anayeyataja haya peke yake, kana kwamba upande wa pili wa mizani palikuwa na watu waliohadaiwa kwa vioo visivyo na thamani, anarudia dharau ya wasafiri kwa lugha ya huruma. Hadithi ya Waafrika waliodanganywa kwa shanga imedumu kwa sababu inamridhisha msimulizi wa kila upande. Orodha ya Burton haiungi mkono. Anayedanganywa hatupi mamia ya mafundo.

Kilichotokea Umasaini baada ya hapo ni ushahidi wa aina nyingine. Picha za mwishoni mwa karne ya kumi na tisa zinaonyesha wanawake waliovaa zaidi nyaya za chuma zilizozungushwa mikononi, miguuni na shingoni. Reli ilipofika nyanda za juu na maduka ya Wahindi yakaifuata, shanga ndogo za kioo zikawa nyingi, na katika muda usiozidi maisha ya bibi na mjukuu ikazaliwa sanaa ambayo leo dunia nzima huidhani ya kale tangu na tangu. Donna Klumpp Pido, aliyeitafiti kwa miaka mingi na kuiandikia tasnifu mwaka 1987, alionyesha kwamba mitindo hubadilika pamoja na marika: vijana wanapoingia katika rika jipya, wasichana wa wakati wao huwabunia mapambo yanayowatofautisha na kaka zao wakubwa. Mjuzi akiona ukosi wa zamani anaweza kusema ni wa enzi ya rika lipi. Mtindo uliokuwa ukaidi kwa Burton ni kalenda kwa wenyewe.

Kazi hiyo haina karakana. Hufanywa baada ya kukamua na kuchota maji, kivulini, wanawake wakiwa pamoja, na maongezi huenda sambamba na sindano. Mmoja akikosea hesabu, mwenzake huona kabla yake. Rangi mpya dukani ni habari ya kutembea nayo. Hapa ndipo furaha inapopatikana, katika jambo dogo la kila siku ambalo halingoji msukumo kutoka mbinguni: kuweka ya chungwa kando ya buluu, kuitazama, kuitoa, kuirudisha. Tena lipo pambo la pwani ambalo halikusudiwi hata kutazamwa. Utunda, shanga za kiunoni, huvaliwa chini ya nguo, na makungwi wamewafundisha wari maana zake kwa vizazi. Mgeni wa Lamu au Unguja anaweza kuishi miaka bila kuuona. Hakuna msafiri aliyeweza kulidai pambo hilo kwa maelezo yake, na haielekei kwamba wenyewe wanasikitika.

Serikali na wafadhili wameuona ushanga kwa jicho jingine, la kipato. Kazuri, karakana ya shanga za udongo iliyoanzishwa na Susan Wood huko Karen, Nairobi, mwaka 1975, ilianza na akina mama wawili na sasa imeajiri mamia. Mwaka 2017 serikali ya Kenya ilizindua mradi wa Ushanga Kenya kwa wanawake wa kaunti saba za wafugaji, kuanzia Kajiado na Narok hadi Turkana na Marsabit. Fedha hizo zinasomesha watoto, na hakuna sababu ya kuzibeza. Swali linaloachwa ni la zamani: nani anachagua rangi? Agizo la vikuku mia tano vinavyofanana, kwa rangi zilizoamuliwa na mnunuzi wa ng'ambo, linamrudisha mwanamke wa Umasaini kwenye kiti cha impiraresse.

Swali hilo limevuka bahari pamoja na wahamiaji. Wetherill Park, kitongoji cha magharibi mwa Sydney katika halmashauri ya Fairfield, kinajulikana zaidi kwa eneo lake la viwanda na maghala, mtaa baada ya mtaa wa kuta ndefu na malori. Halmashauri hiyo ni miongoni mwa sehemu za Australia zilizopokea wakimbizi wengi. Mwanamke wa Afrika Mashariki anayetunga shanga katika nyumba ya mahali kama hapo hana mchuuzi wa kumsubiri wala mti wa kukaa chini yake na wenzake. Shanga zake huja kwa posta, aghalabu kutoka Jamhuri ya Cheki, ambayo sasa ndiyo inayowauzia hata Wamasai. Wateja watamwomba rangi za bendera, au kile wanachokiita cha Kimasai, hata kama kwao ni Kigoma au Bukavu. Anaweza kuwapa. Saa za usiku, watoto wakishalala, uzi unabaki wake.

Ardhi anayokalia nayo ina watunzi wake. Fairfield iko katika nchi ya Wacabrogal wa taifa la Wadarug. Kusini, katika visiwa vilivyo kati ya Tasmania na bara, wanawake wenyeji bado wanatunga mikufu ya makombe madogo yanayong'aa, ustadi uliopita kwa bibi na binti licha ya mauaji na kuhamishwa kwa nguvu. Na upande wa pili wa bara hilo, ule unaoitazama Afrika, Kate Morse alichimba katika pango la Mandu Mandu Creek, kwenye safu za Cape Range, akakuta makombe 22 ya konokono wa umbo la pia, jamaa ya yule wa Panga ya Saidi. Yana zaidi ya miaka 30,000. Hawakuwa mabaki ya chakula. Vilele vimetolewa, ndani kumesafishwa, na baadhi yana alama za kulika pembeni, pale uzi ulipopita.